Kumkinga mbwa mwitu huanza na mbwa wa kijijini: mambo ya kujua kabla ya kujitolea kwenye kampeni ya chanjo

Mwaka 1989 kundi la mbwa mwitu la Aitong, kaskazini mwa Masai Mara, lilikuwa na wanyama 23. Kichaa cha mbwa kiliingia kundini, na ndani ya wiki chache 21 walikuwa wamekufa. Mwishoni mwa mwaka 2000 distempa, ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa, ililipuka kwenye kituo cha kuzalishia mbwa mwitu huko Mkomazi. Kufikia Februari 2001 walikuwa wamekufa 49 kati ya 52, na hao walikuwa wamechanjwa. Mwaka 2007 distempa ikaua mbwa mwitu upande wa Loliondo. Mwaka 2017 ikapita Laikipia, ambako mbwa mwitu walikuwa wamerudi na kuongezeka kwa miaka mingi, ikakaribia kuwamaliza.

Ugonjwa haumpunguzi mbwa mwitu mmoja mmoja. Unaondoka na kundi zima. Sababu iko kwenye maisha yao ya kila siku. Jioni kabla ya kwenda kuwinda husalimiana kwa kusuguana na kulambana midomo. Wakirudi huwatapikia nyama watoto walio pangoni, na humtapikia pia mama aliyebaki kuwalinda. Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Cha distempa hutoka kwa pumzi, makamasi na machozi. Kwa mnyama anayeishi namna hiyo, mgonjwa mmoja anatosha. Na kwa kawaida kwenye kundi huzaa dume na jike wakuu tu, kwa hiyo hao wawili wakifa, uzazi wa mwaka mzima umekwenda nao. Makadirio ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ni kwamba mbwa mwitu wakubwa waliobaki Afrika nzima ni kama 6,600, na wanaozaa hasa ni kama 1,400.

Sasa, watu wengi wanaotaka kujitolea huja na picha ya kwenda porini, kumlaza mnyama kwa dawa na kumdunga chanjo. Kazi yenyewe haiko huko. Mbwa mwitu ni wachache mno na wametawanyika mno kuweza, wao peke yao, kukifanya kichaa cha mbwa kiendelee kuwapo. Kikiingia kundini kinaua, kisha kinazimika kwa kukosa wa kumwambukiza. Kinachokitunza mwaka hadi mwaka, kwa jinsi utafiti wa Serengeti ulivyoonyesha, ni mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Mbwa hao huongozana na mifugo, hufuata wawindaji, hukutana na fisi na bweha kwenye mizoga. Kwa hiyo anayetaka kumkinga mbwa mwitu anakwenda kijijini, anasimama chini ya mti na daftari na kamba, na kuchanja mbwa wa watu.

Asilimia 70 inatoka wapi

Utasikia namba hii kila mahali: chanja mbwa 70 kati ya kila 100. Ni muhimu kuielewa, kwa sababu bila kuielewa utafurahia kampeni iliyoshindwa.

Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, humwambukiza mbwa mmoja hadi wawili. Ugonjwa huu hauenei kwa kasi kama surua. Mahesabu yanaonyesha kwamba kama mbwa wenye kinga hawashuki chini ya takriban asilimia 20 hadi 40 wakati wowote wa mwaka, mlolongo wa maambukizi unakatika. Kwa nini basi tulenge 70? Kwa sababu mbwa wa vijijini hawaishi muda mrefu na wanazaliana haraka. Chukua kijiji chenye mbwa 200. Umechanja 140. Tuseme katika mwaka mmoja wanakufa mbwa 40 kati ya kila 100, na nafasi zao zinajazwa na watoto wasio na chanjo. Wale 140 wamebaki 84, yaani asilimia 42 ya mbwa wote. Bado uko salama, kwa shida. Ukiruka mwaka mmoja, wanabaki kama 50, asilimia 25, na hapo mlango umefunguka.

Kwa hesabu hiyo hiyo, kampeni iliyofikia asilimia 50 na kusifiwa mkutanoni itakuwa imeshuka chini ya asilimia 40 kabla mwaka haujaisha. Na kijiji kimoja kilichorukwa katikati ya vijiji kumi vilivyochanjwa vizuri kinaweza kuwa ndicho kinachoutunza ugonjwa. Mimi ningechagua vijiji kumi vyenye 70 kila kimoja kuliko vitano vyenye 95 na vitano visivyoguswa.

Wilaya ya Serengeti ilianza chanjo ya umati ya mbwa mwaka 1996, na ndani ya miaka michache mbwa wenye kichaa walipungua na watu wanaokwenda hospitali kwa kuumwa na mbwa wanaoshukiwa wakapungua pia. Kwa hiyo unapomweleza mwenye mbwa kwa nini umekuja, anza na watoto wake. Mbwa mwitu atafaidika hata kama hatajwi.

Kabla ya siku yenyewe

Anza kwa afisa mifugo wa kata. Chanjo ya wanyama ina wenyewe kisheria: anayedunga ni daktari wa mifugo au mtaalamu aliye chini ya usimamizi wake. Wewe unayejitolea unaandikisha, unapanga foleni, unasaidia kushika, unaweka alama, unahesabu. Usijione umepewa kazi ndogo. Kampeni nyingi hufeli kwenye hizo kazi, si kwenye sindano.

Wewe mwenyewe uwe umechanjwa. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani kwa mtu asiye na tatizo la kinga ni dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Panga hilo wiki kadhaa mapema. Asiyechanjwa akae kwenye meza ya daftari, asiguse mbwa.

Idadi ya mbwa haijulikani kwa kukisia. Omba viongozi wa vitongoji wakupe idadi ya kaya, kisha pita kaya chache za kila kitongoji, ulize mbwa wakubwa wangapi na watoto wangapi, upige hesabu. Uliza watoto wa mbwa kwa swali la peke yake. Ukiuliza tu "mna mbwa wangapi", mtu anajibu wawili, na nyuma ya ghala kuna sita waliozaliwa mwezi uliopita.

Matangazo yapite mara mbili: siku tatu au nne kabla, na jioni ya kuamkia siku yenyewe. Kipaza sauti barabarani hakifiki kwenye maboma ya mbali, kwa hiyo tumia wenyeviti wa vitongoji, misikiti, makanisa na shule. Tangazo liseme mambo manne bila kuzunguka: mahali, saa, kwamba chanjo ni bure kama kweli ni bure, na kwamba hata mbwa wa wiki chache aletwe. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa.

Saa inategemea kijiji. Penye wafugaji, mbwa hutoka na ng'ombe asubuhi. Ukifungua kituo saa tatu utachanja mbwa wa wakulima peke yao, na wale wa machungani, ambao ndio hasa wanaokutana na wanyamapori, watakuwa wameshaondoka. Fungua alfajiri, au weka kituo cha pili jioni kwenye josho au mahali pa kunyweshea. Msimu mzuri ni kiangazi baada ya mavuno: njia zinapitika na watu hawako shambani kutwa. Jumamosi inafaa kwa sababu wanaoleta mbwa wengi ni watoto, ila kila mtoto aje na mtu mzima. Mtoto wa miaka minane akiburutwa na mbwa aliyeogopa anaangukia mdomoni mwa mbwa wa jirani.

Umbali nao usiudharau. Mahudhurio hushuka kadiri nyumba zinavyokuwa mbali na kituo. Kijiji kilichotawanyika kinahitaji vituo viwili au vitatu vya nusu siku, badala ya kimoja cha kutwa katikati.

Vifaa kwa kijiji cha mbwa 200: vichupa vya dozi 10 vya chanjo ya kichaa cha mbwa, 22, kwa kuwa kila kichupa hupoteza kidogo na mbwa wengine watatoka vijiji jirani. Mabomba ya sindano ya mililita 2 na sindano zake, 230, moja kwa kila mbwa bila kurudia. Boksi ngumu za kutupia sindano, mbili au tatu. Glavu, sabuni, madumu mawili ya maji, pamba, kamba laini za mita 2 zipatazo kumi, mikanda ya kitambaa ya kufungia mdomo, alama za shingoni, rangi ya kupaka mifugo, daftari, vyeti, kalamu za kutosha. Daktari awe na adrenalini kwa ajili ya mbwa anayepata mshtuko wa mzio baada ya chanjo. Ni nadra, lakini ikitokea hakuna muda wa kutuma mtu mjini.

Baridi ya chanjo

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Watu wanaogopa joto, na wana haki, lakini kosa linalotokea zaidi njiani ni kugandisha. Pakiti ya barafu iliyotoka kwenye friza moja kwa moja inawekwa kando ya vichupa, na chanjo inayogusana nayo inaganda. Chanjo iliyokwisha kuganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida. Iache pakiti nje mpaka ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uipange kwenye kibebeo. Weka kadibodi au kitambaa kati yake na vichupa, na kipimajoto katikati ya vichupa, si juu ya barafu.

Kuna habari njema hapa. Utafiti uliofanywa Tanzania na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa inayotumika sana iliendelea kujenga kinga sawasawa hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Hilo limefungua njia ya kuhifadhi chanjo vijijini kwenye vyombo visivyohitaji umeme, ili mbwa wachanjwe mwaka mzima badala ya siku moja. Lakini ni aina hiyo iliyopimwa, si kila kichupa kilichoandikwa "kichaa cha mbwa". Msimamizi wenu ndiye anayesema ipi ni ipi.

Distempa ni habari nyingine kabisa. Chanjo yake ina kirusi hai kilichodhoofishwa, huja kama unga mkavu na maji yake pembeni. Joto huiharibu upesi. Ikishachanganywa itumike ndani ya nusu saa, na dozi ni moja kwa kila kichupa, kwa hiyo huchanganyi kumi ukasubiri foleni ifike. Tena mtoto wa mbwa mwenye kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huizima chanjo hiyo kabla haijafanya kazi, ndiyo maana ratiba yake ya kawaida ni kuirudia kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Kijijini, ukifika mara moja kwa mwaka, hiyo ratiba haitimizwi.

Nalisema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaoahidi kwamba kuchanja mbwa kutamaliza distempa porini. Kwa kichaa cha mbwa ushahidi ni imara. Kwa distempa si hivyo. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000, na wakati ule mbwa wa vijijini walionekana wazi kuwa chanzo. Lakini uchambuzi wa miaka mingi baadaye ulionyesha kwamba kirusi kiliendelea kuzunguka miongoni mwa wanyamapori hata baada ya mbwa wengi kuchanjwa. Kuwachanja mbwa kunapunguza shinikizo, na ninaunga mkono kufanya hivyo pale fedha na baridi vinaporuhusu. Kama kuna bajeti ya kimoja tu, iende kwenye kichaa cha mbwa.

Siku ya chanjo

Chagua mahali penye kivuli, penye njia ya kuingilia na nyingine ya kutokea. Mbwa wawili wasiofahamiana wasipishane uso kwa uso kwenye upenyo mmoja. Kwenye foleni acha hatua nne au tano kati ya mbwa na mbwa. Jike aliye kwenye joto apelekwe kando kabisa na achanjwe kwanza aondoke, la sivyo madume yote yatapigana.

Mpangilio wa watu sita unafanya kazi vizuri: mmoja mlangoni, wawili kwenye daftari na vyeti, mmoja wa kusaidia kushika, mmoja wa kudunga, mmoja wa kuweka alama. Daftari liwe na jina la mwenye mbwa, kitongoji, jinsia ya mbwa, umri kwa makundi matatu (chini ya miezi mitatu, miezi mitatu hadi mwaka, zaidi ya mwaka), rangi, na kama aliwahi kuchanjwa. Juu ya kila ukurasa andika tarehe, namba ya toleo la chanjo na siku ya kwisha muda wake. Likitokea tatizo baadaye, namba hiyo ndiyo itakayosema ni vichupa vipi.

Kushika mbwa ni kazi ya mwenye mbwa kwanza. Mwambie asimame upande wa bega la mbwa, si mbele ya uso, mkono mmoja ukishika nyuma ya masikio na mwingine ukikumbatia kifua. Anayedunga aje kutoka nyuma ubavuni. Mbwa anayenguruma afungwe mdomo: chukua ukanda wa kitambaa wa urefu wa mita moja hivi, ufanye kitanzi, kipitishe juu ya pua nusu njia kati ya macho na ncha ya pua, kaza, vuka chini ya taya, kisha peleka ncha mbili nyuma ya masikio na ufunge fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Lifungwe kwa dakika moja au mbili, si zaidi. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na aliyefungwa mdomo juani hupata joto haraka sana. Akianza kutapika, fungua papo hapo, maana matapishi yatamkaba.

Asiyeshikika kabisa msipigane naye mbele ya foleni. Andika nyumba yake, na jioni daktari amfuate akiwa ametulia kwake. Mbwa mmoja anayepiga mayowe akivutwa kwa kamba huharibu foleni yote: wengine wanaingiwa na hofu, na wenye mbwa wanageuza njia.

Kichupa kitikiswe kabla ya kila kuvuta, kwa sababu dawa hutuama chini. Usipotikisa, mbwa wa kwanza wanapata maji na wa mwisho wanapata tope. Dozi ni mililita 1 kwa mbwa yeyote, mdogo au mkubwa. Hairuhusiwi kumpa mtoto nusu ili kubana matumizi. Ikidungwa chini ya ngozi, ngozi iliyolegea kati ya mabega huinuliwa kwa vidole kama hema dogo, sindano ikaingia kwenye msingi wa hema hilo. Kosa la kawaida, hasa kwa mbwa wadogo waliokonda, ni sindano kupenya ikatokea upande wa pili, dawa ikamwagika manyoyani. Kwa hiyo wewe unayesaidia kushika, pitisha kidole upande wa pili mara sindano inapotoka. Ukikuta umande, sema. Huyo adungwe tena, la sivyo ataandikwa amechanjwa na hana kitu.

Sindano iliyotumika haifunikwi tena kifuniko. Inakwenda moja kwa moja kwenye boksi, na boksi likijaa robo tatu linafungwa. Mikono mingi huchomwa wakati wa kujaribu kuishindilia sindano moja ya mwisho. Kichupa kilichofunguliwa kimalizwe siku hiyo. Kisirudishwe kwenye baridi kungoja kesho.

Mtu akiumwa au akiparuzwa, kazi yake imeisha kwa siku hiyo. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, halafu aende kituo cha afya, hata kama mbwa ni wa mwenyekiti na anaonekana mzima. Aliyechanjwa kabla atahitaji dozi mbili tu za nyongeza, siku ya 0 na siku ya 3. Mbwa mwenyewe awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10.

Watoto wa mbwa

Nikiombwa kutaja jambo moja linaloangusha asilimia kuliko mengine, nitataja hili. Watu wanaamini mtoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu ni mdogo mno kuchanjwa, na wakati mwingine wanaowaambia hivyo ni wataalamu wenyewe, wakirudia maandishi ya kwenye kikaratasi cha dawa. Kikaratasi kimeandikwa kwa ajili ya mbwa anayeweza kurudishwa baada ya wiki kadhaa. Kijijini hakuna kurudi mpaka mwakani. Tafiti zimeonyesha kwamba watoto wa mbwa wa umri huo hujenga kinga dhidi ya kichaa cha mbwa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa kampeni za umati ni kuchanja mbwa wote waliopo, watoto wakiwemo. Ukiwaacha, umeacha sehemu kubwa ya mbwa wa kijiji, na ndiyo sehemu itakayokuwa hai mwakani.

Wabebwe kwenye kikapu au ndoo. Wengi hawaji kwa sababu hawawezi kufungwa kamba, wala si kwa sababu mwenyewe amekataa. Neno "kikapu" kwenye tangazo linaleta watoto wa mbwa kuliko maelezo marefu.

Kuhesabu kama kweli mmefika

Daftari linakueleza umechanja wangapi. Halikuelezi wamebaki wangapi. Ndiyo sababu kila mbwa aliyechanjwa anatoka na alama: ukanda wa plastiki au kitambaa chenye rangi kali shingoni, wenye nafasi ya kupitisha vidole viwili. Mtoto wa mbwa hafungwi ukanda hata siku moja, kwa sababu shingo inakua na ukanda haukui. Mpake rangi ya mifugo mgongoni.

Jioni hiyo hiyo, au alfajiri inayofuata, watu wawili wapite kijijini kwa miguu au baiskeli kwenye njia iliyopangwa kabla, ikigusa katikati ya kijiji na pembezoni. Mmoja anatazama, mwingine anaandika: mbwa mwenye alama, asiye na alama, na watoto kwenye safu yao ya peke yake. Msisubiri siku tatu, mikanda hutolewa na rangi hufutika. Mkikuta mbwa 60 na 39 wana alama, ni asilimia 65, na bado kuna kazi. Kumbukeni pia kwamba watoto wa mbwa hubaki uani na hamtawaona, kwa hiyo hesabu ya barabarani huelekea kuwa nzuri kuliko hali halisi.

Kitongoji kilichoonekana chini ndicho cha kupita nyumba kwa nyumba kesho yake, na vichupa vilivyobaki. Ni mwendo wa kuchosha, mbwa watano kwa saa moja pengine, na watu wanaojitolea wengi huwa wameshaondoka. Hapo ndipo 58 inapogeuka 70.

Upande wa porini

Anayeishi au kufanya kazi karibu na hifadhi anaweza kusaidia kwa macho. Mbwa mwitu anayetembea peke yake mchana bila kuogopa watu, anayeyumba, anayeshindwa kufunga mdomo. Makamasi na tongotongo zito. Taya linalotafuna hewa. Degedege: hayo ni ya kuripoti saa hiyo hiyo kwa askari wa wanyamapori, TANAPA (hifadhi za taifa) au TAWIRI (utafiti wa wanyamapori) kwa Tanzania, KWS (huduma ya wanyamapori) kwa Kenya. Vivyo hivyo kwa bweha, fisi au nyegere wanaoingia vijijini na kuuma ovyo. Mzoga usiuguse wala kuusogeza. Piga picha ukiwa mbali, chukua alama za mahali kwa simu, andika saa. Sampuli inayotakiwa ni ya ubongo, na mzoga wa asubuhi unaweza kuwa umeliwa na fisi kufikia jioni, kwa hiyo taarifa ya ndani ya saa moja ina thamani kuliko ya kesho yenye maelezo mengi.

Pangoni msiende. Mbwa mwitu hukaa na watoto pangoni kama miezi mitatu, na ndio wakati pekee unaojua watakuwa wapi kesho, hivyo watu hushawishika. Mguu wa mtu hufuatwa na mbwa wake, na mbwa mmoja asiyechanjwa kwenye mlango wa pango ndiyo hatari yenyewe tunayoikwepa. Kuchanja mbwa mwitu kwa sindano au kwa chambo ni uamuzi wa mamlaka na wataalamu wao, wenye hoja nzito za pande zote mbili. Mkomazi walichanjwa na bado wakafa.

Kampeni ikiisha, nakala ya daftari na karatasi za hesabu ziende kwa afisa mifugo wa wilaya ndani ya wiki hiyo, na nakala nyingine ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Ziambatane na orodha ya mbwa wasioshikika, nyumba zilizokutwa zimefungwa na kaya zenye majike wenye mimba, pamoja na tarehe ya mwaka ujao iliyokubaliwa na kijiji. Timu itakayokuja mwakani huenda isiwe na mtu hata mmoja wa timu hii, na orodha hiyo ndiyo itakayoionyesha nyumba za kuanzia.